Jinsi ya kuwaangalia ndege wakijenga na kulea makinda karibu na nyumba yako bila kuwavurugia

Watu wengi wakianza hii kitu wanaanza kwa kutafuta kiota, wanafunua majani, wanachungulia huku na huku, na mi nilianza hivo hivo. Sa hivi nakwambia anza kwa kutafuta pa kukaa. Kiti kimoja, sehemu moja, saa zile zile kila siku, iwe dirishani au barazani au chini ya ukuta, popote unapoona mti mmoja au miwili, ukingo wa paa na kipande cha anga, kaa hapo asubuhi kabla jua halijawa kali, nusu saa tu, usifanye chochote. Siku ya kwanza na ya pili hutaona kitu. Siku ya nne ya tano hivi ndege wanakua wamekuzoea, kwao umekua kama nguzo, na hapo ndo wanaanza kupita na mizigo yao mbele ya macho yako na wao wenyewe wanakuonyesha kwao ni wapi.

Mzigo ndo wa kuangalia. Ndege mwenye kitu mdomoni ambacho hakili, ujue ana kwake. Akiwa na jani kavu, nyuzi za nyasi, nyoya au donge la tope, huyo anajenga. Akiwa na viwavi viwili vitatu vinaning'inia mdomoni na hamezi, huyo ana makinda tayari. Ukimwona anaingia kichakani na mdomo umejaa afu anatoka na kitu cheupe kama kidonge, hapo hata usiulize, makinda wapo (hicho kidonge nitakieleza huko chini, ni kitu cha ajabu kidogo).

Mfuate kwa macho, usimfuate kwa miguu. Akipotea nyuma ya tawi weka alama kichwani, pale kwenye lile tawi lililovunjika, afu subiri safari ya pili, ya tatu, kila safari unapunguza eneo mpaka unabaki na kichaka kimoja. Na kuna kitu wanafanya ambacho mwanzoni kilinisumbua sana: ndege anakuja na chakula mdomoni, anatua tawi la pembeni, anakaa, anageuza kichwa, anarukia tawi lingine, anakaa tena, haingii popote. Nikawa nafikiri labda kapotea. Kumbe anazuga. Kaniona, hataki nijue mlango ulipo, na makinda wako ndani wana njaa yeye kasimama pale ananisubiri mimi niondoke. Ukiona hivo maana yake umekaa karibu mno, rudi nyuma hatua kumi, akiendelea kuzuga rudi tena kumi nyingine, mpaka aingie moja kwa moja bila kukuangalia. Hapo alipoingia bila wasiwasi ndo mahali pako pa kukaa, hakuna kipimo kingine, kuna ndege atakuruhusu mita tatu na mwingine anataka thelathini.

Nani anajenga wapi

Tetere na njiwa ni wa kuanzia nao kwa sababu hawajui kuficha. Kiota cha tetere ni vijiti vichache vimelazwa kwenye panda ya mti, au juu ya kizingiti cha dirisha au kwenye chungu cha maua, vyepesi kiasi kwamba ukiwa chini unaweza kuona mayai kwa kupenya macho, mayai mawili meupe basi. Ni fundi mbovu kwa kweli. Ila raha yake ni zamu: jike analala na mayai usiku kucha, afu asubuhi jua likishapanda dume anakuja kumpokea na anakaa mpaka jioni jioni. Ukijua hivo huna haja ya kukaa siku nzima, unakwenda kwenye saa tatu au saa nne asubuhi unaona wanapokezana, mmoja anasogea taratibu mwingine anaingia chini yake karibu, mayai hayakai wazi hata sekunde chache. Mara nyingine yule aliyekaa hataki kutoka, anasukumwa na mwenzie kwa ubavu.

Shomoro yeye anataka tundu, chini ya vigae, kwenye ufa wa ukuta, nyuma ya taa ya nje, na hana adabu ya usafi, utaona nyasi zinaning'inia nje kama mtu kafungia nguo mlangoni. Mbayuwayu anajenga kwa tope, donge moja moja analitoa pembeni ya dimbwi anakuja kulibandika chini ya upenu, mamia kwa mamia ya safari, na anapumzika katikati ili tabaka la chini likauke kwanza maana akiongeza haraka vyote vinadondoka. Ukiona ndege kashuka kwenye tope na kanyanyua mabawa juu, huyo hanywi maji.

Wanana, wale wa manjano wanaofuma, wao ni kijiji kizima kwenye mti mmoja na kelele yake unaisikia kabla hujauona mti. Dume ndo anafuma, anaanza na pete, anasimama ndani ya hiyo pete na kufuma mbele yake mpaka inakua chumba, kikiisha ananing'inia kwa chini anapiga mabawa akiita majike waje kukagua. Jike anaingia, anavuta vuta nyuzi za ndani kama mtu anayepima kitambaa, na mara nyingi anatoka anaenda zake. Kiota kikikaa mpaka kikapoteza ukijani bila kupata mtu, dume anakibomoa mwenyewe, uzi kwa uzi, anaanza kingine pale pale. Mi huwa namhurumia, ila ndo kazi yao.

Chozi nimemwacha wa mwisho makusudi. Ni yule mdogo mwenye mdomo uliopinda anayenyonya maua, dume anang'aa kama mafuta juu ya maji, jike rangi yake ya majani makavu, na ujenzi wote ni wa jike. Mmoja alianzia kwenye ncha ya kamba ya kuanikia nguo iliyokua inaning'inia, kama mita mbili kutoka mlangoni kwangu. Alikuja na utando wa buibui umemkaa mdomoni kama ndevu, akauzungusha kwenye kamba, akaenda, akarudi na mwingine, siku mbili nzima pale palikua na kitu kama uchafu umenasa na kidogo tu kamba ingekatwa. Siku ya tatu uchafu ukapata umbo. Siku ya tano pakawa na kitundu ubavuni kwa juu, anaingia, anageuka, anasukuma kwa kifua, na we uliye nje unaona ukuta wa kiota unatuna pale kifua kilipo, anageuka kidogo anasukuma tena, panatuna pengine, kama mtu anavaa shati la kubana. Anatoka, analeta nyoya, anaingia tena. Juu ya kitundu akatengeneza kibaraza kidogo cha kuzuia mvua na nje akabandika vipande vya magome na majani yaliyooza mpaka ukitazama haraka unaona takataka iliyokwama. Hapo ndo akili yake ilipo. Na utando wa buibui unanyumbuka, kwa hiyo kiota kinapanuka kadiri makinda wanavyokua, hakipasuki.

Kosa langu la tawi

Niseme tu maana limenifundisha kuliko kitu chochote. Kulikua na tetere kwenye mti wa uani, jani moja lilikua linanizibia, nikasema nikikata hili tawi dogo tu nitaona vizuri na simu itapiga picha safi. Nikapanda, nikakata, dakika moja. Asubuhi ile nikaona vizuri kweli. Saa sita mchana jua likawa linapiga moja kwa moja kwenye mayai, ndege akakaa mdomo wazi anahema, mabawa kayatanua kidogo kuyatengenezea mayai kivuli. Kesho yake kunguru akapita juu, akazunguka, akatua. Kumbe lile dirisha nilimfungulia kunguru, sikujifungulia mimi.

Kwa hiyo majani yanayokuzibia wewe ndo ukuta wa nyumba yao. Ukiyashika kwa mkono usiyavunje, na ukishachungulia yarudishe yalivyokua. Usikanyage njia ile ile kila siku mpaka nyasi zikalala, paka na nguchiro wanafuata njia. Na ukienda usiishie pale kwenye kiota ukageuka, pita kama mpita njia, toka upande wa pili. Kama kunguru au kipanga yuko karibu anaangalia, ghairi siku hiyo.

Siku za kujenga na siku za kutaga ndo mbaya zaidi kwa kusogelea. Ndege bado hajaweka mtaji mkubwa pale, ukimtisha kidogo anaacha anaenda kuanza kwingine. Akishatotoa anakua mgumu kuacha. Lakini sio kwamba ndo ruhusa ya kumzoea.

Hesabu ya siku

Chukua daftari, la kawaida tu, andika tarehe ya kila unachoona kwa mara ya kwanza: nyasi ya kwanza, yai la kwanza kama unaona, siku alipoanza kutulia kiotani, siku ya chakula cha kwanza. Bila tarehe utakua unakisia tu na utawasogelea siku ambayo hutakiwi kabisa.

Ndege wadogo wengi wanataga yai moja kwa siku, asubuhi na mapema, na wengi hawaanzi kuatamia mpaka mayai yamekamilika au limebaki moja. Hapa watu wanakosea sana, wanaona mayai mawili yako peke yake mchana kutwa hakuna mtu wanasema yametelekezwa wanayachukua. Hayajatelekezwa. Yai ambalo halijaatamiwa limesimama tu linasubiri, akianza kulala nayo yote ndo yanaanza safari pamoja na yanatotolewa karibu siku moja. Bundi na kipanga wengi wao wanaanza kuatamia mapema, kabla mayai hayajakamilika, ndo maana kiotani kwao unakuta kinda mmoja mkubwa na mwingine kama mdogo wake wa mwaka jana.

Anapoatamia, tumboni kuna sehemu imenyonyoka manyoya, ngozi tupu yenye damu nyingi, anaigusisha kwenye mayai moja kwa moja. Utamwona anapotua anatikisa tikisa tumbo kushoto kulia kabla hajatulia, anafungua manyoya ili ngozi ifike. Na mayai anayageuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku.

Muda wake: shomoro siku kama 11 mpaka 14, tetere wiki mbili hivi, chozi wiki mbili pia, mbayuwayu wiki mbili na wakati mwingine zaidi kidogo baridi ikiwepo, njiwa wa mabandani na maghorofani siku 17 mpaka 19. Kipindi hiki kinaboa, sikufichi. Ndege kakaa. Umekaa. Basi. Mi huwa napunguza nakua naenda dakika kumi tu asubuhi na jioni kuhakikisha mkia bado unaonekana.

Siku ya kutotoa utaijua hata kama huoni ndani. Mzazi anaruka na nusu ya ganda mdomoni, nyepesi, anaenda kulitupa mbali. Na ghafla safari zinaanza, yule aliyekua anakaa saa nzima bila kutoka sasa anatoka kila baada ya dakika chache.

Makinda wa shomoro, chozi, wanana na wengine wa jamii hiyo wanatoka uchi, vipofu, vichwa vizito, wamelaliana kama vidole. Kiota kikitikisika tu wanainua shingo na kufungua midomo, ndani ni nyekundu au ya machungwa na pembeni kuna kingo za manjano, hiyo rangi ndo alama ya mzazi ya wapi pa kutumbukiza chakula kwenye giza. Kwenye siku ya 5 mpaka ya 7 macho yanafunguka. Afu yanatoka manyoya lakini siyo manyoya bado, ni vijiti vya kijivu kama miba ya nungunungu, kama wiki moja na kidogo vinapasuka nchani na kinda anaanza kuonekana ndege. Shomoro wanaondoka kwenye siku ya 14 mpaka 16 hivi, chozi wiki mbili na kidogo, mbayuwayu karibu wiki tatu, njiwa wa mabandani mwezi na zaidi.

Sasa kile kidonge cheupe. Kinyesi cha makinda hao kinatoka kimefungwa kwenye utando kama kifuko, kinda akishalishwa anageuka, ananyanyua makalio, mzazi anakidaka hapo hapo na kuondoka nacho. Kiota kinabaki kikavu na hakina harufu ya kumwita adui, na chini ya mti hakuna alama. Ukikaa mahali pazuri utaona hesabu kamili, ameingia na chakula, ametoka na kifuko, ameingia na chakula, ametoka mtupu. Tetere na njiwa hawana hiyo biashara, kiota chao mwishoni kinakua kimegandia kinyesi na ndo kinachokishikilia kisivunjike, sijui nicheke au nisikitike.

Na usitegemee kumwona tetere na mdudu mdomoni, hutamwona. Siku za kwanza dume na jike wote wanatoa maziwa, yani siyo maziwa ya kunyonya, ni uji mzito unaotengenezwa kwenye kile kifuko cha kooni, kinda anaingiza mdomo ndani ya mdomo wa mzazi na unaona shingo za wote wawili zinapiga kama pampu.

Jaribu kuhesabu safari siku moja, saa moja tu. Shomoro wangu wa nyuma ya taa niliwahesabia safari 19 ndani ya saa hiyo, wawili wakipishana mlangoni, na karibu zote zilikua wadudu. Shomoro tunamjua kwa kula nafaka lakini makinda wake anawalea kwa nyama, panzi na viwavi, mbegu zinakuja baadaye.

Vifaa, kwa kifupi

Darubini ya mikono miwili iliyoandikwa 8x42 au 8x32 inatosha, 8 ni mara inavyokuza na namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usinunue ya kukuza sana, mkono unatetemeka huoni kitu. Kama huna darubini chagua kiota cha karibu cha ndege asiye na aibu, basi. Simu iegemeze dirishani, rekodi video afu uondoke, utaona mengi kuliko ukiwa umesimama pale. Flashi zima. Na zile sauti za ndege za kwenye programu usiwachezee kipindi hiki, dume anafikiri kavamiwa anaacha kulisha anaanza kutafuta mgomvi ambaye hayupo.

Ukitaka kamera ndani ya sanduku la kiota iweke kabla ndege hajaja, siyo akiwa na mayai. Na sanduku lenyewe: mbao isiyopakwa rangi ndani, vitundu vya kutolea maji chini, tundu la kuingilia milimita 32 kwa shomoro, usiweke kile kijiti cha kutua mlangoni, ndege wa tundu hakihitaji na kinamsaidia adui kusimama vizuri.

Ukilazimika kuchungulia

Kama kiota kiko chini na unataka kujua mayai mangapi, subiri mzazi atoke mwenyewe, usimfukuze. Nenda mchana mkavu, siyo kwenye mvua wala asubuhi ya baridi wala jua kali la utosini. Kioo kidogo kwenye fimbo kinatosha, angalia, hesabu, ondoka, isizidi nusu dakika. Afu kaa siku tatu nne kabla hujarudi, ndo utaratibu ambao hata watu wa NestWatch, mradi wa kurekodi viota wa Cornell Lab kule Marekani, wanawapa wanaoangalia viota majumbani. Uingereza nako British Trust for Ornithology, shirika la utafiti wa ndege, wanapokea rekodi za viota tangu 1939, kwa hiyo daftari lako la tarehe siyo mchezo wa watoto.

Ila makinda wa ndege wadogo wakishafika siku ya 10 hivi na manyoya yamechanua, usisogee tena kabisa. Ukitokea ghafla wanaruka wote kwa wakati mmoja kabla mabawa hayajawa tayari na huwarudishi, utamrudisha mmoja anaruka tena. Hiyo ndo siku ambayo daftari linakuokoa.

Na sheria ipo. Uingereza tangu sheria ya 1981 ni kosa kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege wa porini kinachojengwa au kinachotumika, Marekani sheria ya 1918 inalinda ndege wengi wa porini pamoja na mayai na viota vyao, na nchi nyingi nyingine zina za kwao. Ulizia za kwako kabla hujagusa.

Kinda yuko chini

Hii ndo inaulizwa kila siku. Muangalie kwanza. Yuko uchi au ana vijiti tu? Huyo kadondoka, mrudishe kiotani kwa mkono wako, mzazi hatamkataa kwa sababu ya harufu yako, hiyo ni hadithi tu tuliyolelewa nayo. Kiota chenyewe kimeanguka? Chukua kikapu kidogo chenye matundu chini, weka nyasi kavu, funga pale pale au karibu kabisa na kilipokua, weka makinda, ondoka uangalie kwa mbali saa moja au mbili. Mara nyingi wanarudi.

Ana manyoya, mkia mfupi kama umekatwa, anaruka ruka hatua mbili anakaa? Huyo hajadondoka, huyo kahitimu. Wengi wanatoka kiotani kabla ya kujua kuruka vizuri na wanakaa chini ya vichaka siku kadhaa huku wanalishwa. Mzazi yupo, anakusubiri wewe uondoke. Kama yuko barabarani au paka yuko karibu mnyanyue umweke kichakani hapo hapo jirani, usiende naye ndani. Na jamani msimtilie maji mdomoni, yanaingia kwenye njia ya hewa anakufa mikononi mwako, wala mkate wala maziwa. Kama ana jeraha au kang'atwa na paka, kiboksi chenye giza na joto afu mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Siku yenyewe ya kutoka huwa asubuhi. Utaona mzazi anakuja na chakula haingii, anatua tawi la mbali kidogo anaita, anakionyesha, makinda wanajazana mlangoni wanasukumana, wa mbele kabisa anashikilia kwa kucha hataki, anaita, mzazi anaita, na hii inaweza kuchukua saa nzima mpaka mmoja anaachia. Baada ya hapo wengine wanafuata haraka. Paka wafungie ndani siku mbili tatu hizo, kama humfungii paka wako basi hizi zingine zote tunapoteza muda.

Yatakayokuumiza

Viota vingi havifiki mwisho. Nyoka, kunguru, siafu, mvua ya upepo, utaamka utakuta kitupu na hakuna hata nyoya. Usianze vita na kunguru, naye ana makinda mahali. Mara nyingi wale wale wanaanza upya ndani ya wiki moja mbili, labda mti mwingine, na we unarudi kwenye kiti chako.

Na siku nyingine utaona kinda mmoja mkubwa kuliko mama yake anayemlisha. Huyo ni wa kekeo. Kekeo hajengi, anataga kwenye kiota cha mwenzie, kuna wa kijani anayependa sana viota vya wanana na yai lake linafanana na la mwenyeji, kinda akitoka bado kipofu anayasukuma mayai ya mwenye nyumba nje kwa mgongo. Inauma kutazama mama mdogo anajinyoosha kulisha lile jitu, na watu wanataka kulitoa. Liache. Angalia tu, wengi hawajawahi kuliona kwa macho yao.

Ukitaka kusaidia kweli, acha kupulizia dawa ya wadudu uani miezi hiyo, acha kona moja ya nyasi na majani makavu usifagie, weka sahani pana ya maji mafupi na pembeni tope kidogo kwa mbayuwayu. Usiwawekee nyuzi za nailoni au nywele ndefu wakajengee, zinawanyonga miguu makinda, nimeshaona kinda kakua mguu umefungwa kiotani wenzie wameondoka.

Wakishatoka wote usikimbilie kung'oa kiota. Mbayuwayu wadogo wanarudi kulala humo siku kadhaa, tetere anaweza kuongeza vijiti viwili na kutaga tena juu ya kile kile, na yule chozi wa kamba ya nguo kabla sijaamua nikifanyie nini nilimkuta asubuhi moja na nyoya jipya mdomoni, anaingia. Nguo zikaendelea kuanikwa upande wa pili.